Mkanda wa zamani umetoka vibaya? Soma ukingo kwanza

Mikanda kumi na mmoja ya picha, filamu za mweusi-na-mweupe za ORWO NP 20, niliipata Unguja, kwenye droo ya mzee aliyefunga studio yake miaka mingi iliyopita, kwa bei isiyozidi bakuli mbili za urojo. Si ajabu kuikuta huko. ORWO ilitengenezwa Wolfen, Ujerumani Mashariki, na nchi hiyo ilikuwa rafiki wa Zanzibar tangu 1964. Ramani za majengo ya Michenzani zilitoka kwa wataalamu wake. Mkanda wa kwanza niliupiga Forodhani, nikavuka nao Dar, nikausafisha usiku jikoni. Ukatoka mweupe kama nailoni ya kufunikia madaftari. Nikaulaani: umezeeka, umekufa, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Niliporudi Unguja nikamwonyesha mzee. Picha hakuzitazama. Aliuinua mkanda dirishani, akapitisha kidole gumba pembeni, juu kidogo ya matundu, akasema: "Mwanangu, mkanda mzima huu. Kamera yako ndiyo mgonjwa."

Pale pembeni paliandikwa ORWO, nyeusi, imekolea.

Herufi hizo hazichapwi kwa wino. Hupigwa kwa mwanga kiwandani, kwa hiyo nazo ni picha. Zimekaa kwenye droo ileile miaka ileile, zimepita kwenye dawa ileile uliyokoroga jana. Kitu kimoja tu hazijapita: kamera yako. Ndiyo maana kila tatizo lililoandikwa hapa chini linaanzia ukingoni, kabla hujaanza kubadilisha dawa ovyo.

Mkanda mweupe, hakuna kitu

Herufi zipo na zimekolea? Dawa imefanya kazi, mkanda uko hai. Tafuta kosa kwenye kamera. Kwangu ilikuwa shata: pazia la pili lilikuwa linamfuata mwenzake kwa karibu mno, mwanga haupati nafasi ya kupita. Fungua mgongo wa kamera bila mkanda, elekeza lenzi dirishani, piga kwa 1/30 kisha 1/500. Lazima uone mwanga unapita mara zote mbili. Sababu nyingine, ya kawaida zaidi kwa mikanda mikavu ya zamani, ni matundu kukatika: meno ya kamera yanazunguka, mkanda umesimama. Ukiwa unapiga, angalia kitasa cha kurudishia mkanda. Kisipozunguka unapovuta mkono wa kusogeza, hupigi kitu.

Herufi hazipo kabisa? Hapo dawa. Ama developa (dawa inayotoa picha) imekufa, ama umetia fiksa (dawa inayoikaza) kwanza. Hilo la pili huwapata hata wazoefu, na halina tiba. Mimi siku hizi chupa ya fiksa naifunga mpira wa manati shingoni, nikiigusa gizani najua.

Ila kuna mikanda isiyo na herufi: filamu za eksirei, baadhi ya maikrofilamu, na mikanda iliyokatwa kutoka kwenye bunda kubwa. Hapo tumia ncha, ule ulimi unaobaki nje wakati wa kuweka mkanda. Umepigwa na jua, kwa hiyo ukisafishwa lazima utoke mweusi tii. Ukitoka kijivu, developa yako ni dhaifu. Ukitoka mweupe, unajua.

Picha zipo, lakini zimezama kwenye kijivu

Huu ndio ugonjwa mkuu wa mikanda iliyosahauliwa, na wapigapicha huuita ukungu. Kiswahili kimetuchanganyia hapa, maana ukungu ni ule wa alfajiri na ni ule unaoota kwenye mkate pia, na mikanda ya pwani huugua yote miwili. Ule wa mkate utautambua kwa matawi yake, kama mizizi midogo iliyotambaa juu ya utando wa picha, na picha chini yake imeshaliwa. Hapa nazungumzia ule wa alfajiri: kijivu kimoja kilichotandaa kila mahali, hadi katikati ya fremu na fremu, ambako mwanga haukufika kamwe. Herufi za ukingoni zipo, ila unazisoma kama kibao cha barabarani kwenye mvua.

Kabla ya kutibu, hakikisha ni wenyewe. Gizani, kata kipande cha mkanda ambao haujapigwa, kama sentimita tano, ukigawe mara mbili. Nusu itie kwenye fiksa peke yake. Nusu nyingine ipitishe kwenye developa, kisha fiksa. Ziweke juu ya gazeti, uwashe taa. Nusu ya fiksa ikiwa safi na ya developa ikiwa kijivu, huo ni ukungu wa uzee. Nusu zote mbili zikiwa na maziwamaziwa au zambarau, tatizo si mkanda: fiksa yako imechoka au umeitoa mapema. Rudisha kwenye fiksa mpya, itasafika hata baada ya siku kadhaa. Kipimo cha fiksa ni rahisi: tia kipande humo, hesabu dakika hadi kiwe safi, kisha zidisha mara mbili.

Sasa tiba. Watu wengi hukimbilia kurefusha muda wa kusafisha, wakidhani wanaamsha picha iliyolala. Wanaamsha ukungu. Mwanga ndio dawa ya kwanza: mpe mkanda mwanga mwingi zaidi wakati wa kupiga, ili hata sehemu za kivuli zipande juu ya ule ukungu. Kanuni inayozunguka kati ya wapigaji ni stopu moja (yaani mwanga mara mbili) kwa kila miaka kumi, lakini hiyo imezaliwa kwenye negativi za rangi. Mkanda mweusi-na-mweupe wa kasi ndogo, yaani unaohitaji mwanga mwingi, huzeeka taratibu kuliko hivyo. Mkanda wa slaidi usiuwekee kanuni hiyo kabisa. Piga kwa kasi iliyoandikwa, labda nusu stopu zaidi, la sivyo utapata picha iliyopauka.

Kwa NP 20 zangu, ambazo kasi yake ni ISO 80, nilipiga mlango mmoja wa Mji Mkongwe mara tano: kwa 80, 40, 20, 10 na 5. Kwa 80, misumari ya shaba ilionekana lakini mbao zote zilikuwa shimo. Kwa 20 mbao zikaanza kutoka. Kwa 10 niliona hadi mikatiko ya nakshi chini ya kizingiti. Kwa 5 sikupata zaidi ya hapo, ila chengachenga. Nikabaki na 10.

Dawa ya pili ni developa yenyewe. HC-110 mchanganyiko B (1+31, yaani sehemu moja ya dawa kwa 31 za maji) inajulikana kwa kutoamsha ukungu sana. Ukiweza kupata benzotriazoli, kemikali ya kuzuia ukungu, mililita 10 za mchanganyiko wa asilimia 1 kwa lita ya developa husaidia, lakini itakula pia kasi ya mkanda, kwa hiyo ongeza mwanga tena.

Na ukiwa na mikanda ya umri mmoja, anza na ya kasi ndogo. Mkanda wa ISO 400 huzeeka vibaya kuliko wa ISO 25 hata kama vimelala friji moja, kwa sababu mionzi kutoka angani hupita ndani ya friji kama haipo, na fuwele kubwa za mkanda wa kasi ndizo zinazoidaka.

"Nimeiweka kamera kwenye 20 kama sanduku lilivyosema, picha zimeungua"

Hiyo 20 si ISO. Ni DIN, kipimo cha Kijerumani: 15 ni ISO 25, 18 ni 50, 20 ni 80, 21 ni 100, 24 ni 200, 27 ni 400. Kila hatua tatu kasi inakuwa mara mbili. Mikanda ya Kisovieti, kama Svema ya Shostka na Tasma ya Kazan, ilitumia GOST, kipimo chao wenyewe, ambako 65 ni karibu ISO 80 na 130 ni karibu 160. Kwa mkanda uliozeeka kosa hili huwa baraka, kama nilivyoeleza. Kwa mkanda uliotunzwa vizuri barafuni utapata negativi nzito isiyopitisha mwanga.

Kahawa imetoa picha hafifu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wa kwetu wanapokwama na maelekezo ya mitandaoni hayawasaidii.

Kafenoli ni developa ya kahawa, iliyobuniwa 1995 na darasa la kemia la Dk. Scott Williams katika Rochester Institute of Technology, Marekani. Resipe inayofaa mikanda mizee, kwa lita moja: sodiamu kaboneti kavu gramu 54, vitamini C gramu 16, potasiamu bromaidi gramu 1, kahawa ya unga inayoyeyuka gramu 40. Dakika 15, nyuzijoto 20. Bromaidi ndiyo inayozuia ukungu. Asiye nayo huweka gramu 10 za chumvi yenye madini joto. Kahawa inayotakiwa ni robusta ya bei nafuu, na hapo sisi hatuna shida: Africafe inatengenezwa Bukoba.

Shida yetu iko kwenye kaboneti. Mtu anasoma "soda", anakwenda sokoni, ananunua magadi. Kumbe magadi ya jiwe, yale ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron, ni trona: nusu yake kaboneti, nusu baikaboneti, na uchafu wake juu. Baikaboneti haina ukali wa kutosha kuiamsha kahawa. Matokeo yake ni negativi nyembamba kama moshi, herufi za ukingoni nazo nyembamba vilevile (huo ndio ushahidi kwamba kosa ni dawa wala si mwanga), na mtu anaapa kwamba kafenoli ni uzushi wa Wazungu.

Magadi hayahitaji kutupwa. Yasage, yakaange makavu kwenye sufuria ya chuma kwa moto wa wastani, ukikoroga kama unakaanga karanga. Mvuke utatoka, unga utachezacheza kana kwamba unachemka. Pima kabla na baada: trona safi ya gramu 100 hubaki karibu 70, soda ya kuokea, ambayo ni baikaboneti tupu, hubaki karibu 63. Uzito ukiacha kushuka, umepata kaboneti. Usitumie sufuria ya bati jepesi la alumini wakati wa kuyeyusha, kaboneti ikiloa inaila. Funika macho, na hiyo sufuria isirudi jikoni. Magadi yana takataka nyingine ambazo moto hauziondoi, kwa hiyo yachuje kwa kitambaa baada ya kuyeyusha, na jaribu kwa ncha kabla ya kuhatarisha mkanda mzima.

Mpangilio wa kuchanganya nao una maana: kaboneti kwanza hadi maji yawe angavu, kisha vitamini C, itafoka kidogo, kahawa mwisho. Acha dakika tano povu litulie. Ukiona duara duara nyeupe kwenye negativi, hayo ni mapovu, hukuyasubiri. Harufu sitaisema. Fungua dirisha.

Utando unavimba, unakunjamana, au unavuka kama ngozi

Maelekezo yote ya vitabu yanasema nyuzi 20. Bomba langu la Dar mwezi wa Februari linatoa maji ya nyuzi 29. Utando wa picha ni jelatini, na jelatini kwenye maji moto hufanya kile inachofanya kwenye supu ya kongoro. Mikanda ya kisasa imekazwa kiwandani, inavumilia. Ya zamani haijakazwa hivyo. Nimewahi kuvuta mkanda kwenye rili nikakuta nusu ya fremu imebaki kwenye kidole, laini kama utando wa maziwa.

Ganda chupa mbili za maji usiku, zitie kwenye beseni pamoja na mitungi yako ya dawa, subiri kipimajoto kitulie. Muhimu zaidi ya baridi yenyewe ni usawa: developa ikiwa 20, fiksa 20, halafu ukaosha kwa maji ya bomba ya 29, utando utashtuka na kupasuka vijistari kama matope yaliyokauka. Maji ya kuoshea nayo yapozwe. Ukishindwa kushuka chini ya 24, fupisha muda kwa karibu theluthi moja. Mafundi wa zamani wa nchi za joto waliongeza sodiamu salfeti kwenye developa ili jelatini isinywe maji mengi, na mbinu hiyo bado inafanya kazi.

Utando ukivuka wote kwenye mkanda wa rangi, soma kasha. Ukikuta C-22 (njia ya zamani ya kusafisha rangi) badala ya C-41 (ya sasa), mkanda huo ni wa kabla ya miaka ya sabini kwisha, na joto la nyuzi 38 la C-41 si lake. Usafishe kama mweusi-na-mweupe kwa maji ya baridi.

Masizi meusi yamegoma kutoka

Umenunua mkanda wa sinema, Kodak Vision3 ya zamani au mwingine wenye remjeti, yaani rangi nyeusi ya kaboni nyuma ya mkanda. Iliwekwa ili mwanga usirudi nyuma na ili mkanda upite kwa ulaini kwenye kamera ya sinema. Ukimpelekea fundi wa studio bila kumwambia, masizi hayo yatachafua dawa ya wateja wote na mashine yake. Mwambie, akikataa ana haki.

Nyumbani, kabla ya developa, tia maji ya uvuguvugu yenye soda ya kuokea au boraksi, tikisa kwa nguvu dakika moja, mwaga, suuza hadi maji meusi yaishe. Mabaki yafute baadaye kwa sponji iliyoloa, upande wa nyuma tu. Ukiona nukta nyeusi upande wa picha, umechelewa kidogo: zimeshikamana wakati utando ulikuwa laini. Miduara myekundu kuzunguka taa, kama kwenye CineStill 800T, si ugonjwa. Mkanda huo unauzwa bila remjeti, mwanga unarudi. Wengine huinunua kwa ajili hiyo hasa.

Rangi zimeharibika

Kwa negativi za rangi zilizozeeka kila safu ya rangi huchoka kwa mwendo wake, kwa hiyo vivuli vinaweza kuwa vya kijani na mawingu ya waridi ndani ya fremu moja. Skana haiwezi kunyoosha hilo. Igeuze mweusi-na-mweupe, usipoteze usiku.

Kodachrome, mkanda wa slaidi wa Kodak: usitafute rangi. Maabara ya mwisho iliyoisafisha, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, iliacha kuipokea mwishoni mwa 2010. Rangi zenyewe zilitiwa wakati wa kusafisha, ndani ya mkanda hazimo. Inabaki kuwa mkanda wa mweusi-na-mweupe wenye remjeti.

Aerochrome, filamu ya infraredi, ndiyo ile iliyogeuza milima ya Kivu kuwa ya waridi kwenye picha za Richard Mosse huko mashariki mwa Kongo. Yako ikitoka ya buluu na zambarau pote, ulisahau kioo cha njano mbele ya lenzi. Ikitoka imepauka, haikukaa barafuni.

Eksirei imejaa mikwaruzo

Filamu nyingi za eksirei zina utando pande zote mbili. Hakuna upande salama. Usizirundike kwenye trei. Moja moja, chini yake weka kioo laini, na kucha zikatwe. Uzuri wake ni kwamba nyingi hazioni mwekundu, kwa hiyo unasafisha chini ya taa nyekundu ukiona picha inavyokuja. Kwa sababu hiyohiyo midomo na ngozi zetu hutoka nyeusi kuliko zilivyo. Anayepigwa aambiwe mapema, yasije yakawa maneno.

Mengine ya haraka

Nambari na vidoti vya karatasi vimejichapa juu ya picha kwenye mkanda wa 120, ule mpana uliozungushiwa karatasi: unyevu, karatasi na utando vimegusana miaka mingi. Haina tiba. Mkanda wa friji uache utulie masaa kadhaa kwenye kifuko chake kabla ya kufungua, la sivyo hewa ya pwani itautia umande.

Miale kama radi ndogo: umeme tuli, umeuzungusha mkanda mkavu kwa kasi. Taratibu.

Weusi unaovuka hadi kwenye matundu: mwanga umeingia kwa mgongo wa kamera. Unaoishia kwenye mpaka wa fremu: umeingia kwa mbele, kwenye shata au mikunjo ya ngozi ya kamera ya kukunja.

Harufu ya siki: plastiki ya asetati inaoza na inaambukiza jirani zake. Itenge. Mkanda ulioandikwa nitrati usiujaribu wala usiuweke ndani. Unawaka ukiwa hata ndani ya maji.

Mkanda ambao ncha yake imemezwa yote ndani ya mkebe: kuna mtu ameshaupiga. Ule wa kumi na mmoja ulikuwa hivyo. Niliuacha wa mwisho, nikausafisha kwa HC-110, maji ya nyuzi 20 kamili, hadi maji ya kuoshea. Zikatoka fremu saba zinazosomeka: bibi arusi, kiti cha mkeka, watu wamesimama mbele ya pazia lenye minazi iliyochorwa. Nikampelekea mzee. Alitazama ukingo kwanza, akatikisa kichwa kuridhika, kisha akazipitia fremu moja moja.

"Huu wa mteja," akasema. "Alilipa nusu, hakurudi." Kisha akaniuliza kama kwenye ile droo niliona kitabu cha risiti.